Barua ya wazi kwa wakuu wa elimu: Mtoto asipimwe kwa somo ambalo shule yake haikuwa nalo

Kwa Waziri wa Elimu,
Kwa wakuu wa Baraza la Mitihani la Kenya (KNEC), Taasisi ya Uteuzi wa Wanafunzi wa Vyuo (KUCCPS) na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu,

Waheshimiwa,

Mimi ni mwalimu wa kemia katika shule ya kutwa kwenye uwanda wa Kano, Kaunti ya Kisumu. Ni upande ule ambao Mto Nyando ukifurika, madarasa hugeuka makao ya familia zilizokimbia maji na masomo husubiri. Nawaandikia kwa ajili ya wanafunzi wangu na wale wa walimu wenzangu kuanzia Muhoroni hadi Busia. Neno langu ni moja. Haki ya mtoto kugombea kozi zenye ushindani mkali katika vyuo vikuu vyetu inaamuliwa na masomo ambayo shule yake imeweza kuyafundisha, na uamuzi huo hupita kabla mtoto hajaketi kwenye chumba cha mtihani wa mwisho.

Wengi hudhani mbio za udaktari, famasia na uhandisi huanza siku Waziri anapotangaza matokeo. Kufikia siku hiyo, maelfu wameshaondolewa mbioni, na hawakuondolewa na alama.

KCSE ya 2024, mtihani wa mwisho wa sekondari, ilifanywa na watahiniwa 962,512. Waliopata C+ na kuendelea, kiwango cha chini cha kusomea shahada, walikuwa 246,391. Waliopata A walikuwa 1,693. Takwimu hizi huchapishwa, vijana hubebwa juu kwa nyimbo na vigelegele, na nchi huamini imeona ushindani wote. Lakini gredi ya wastani haitoshi kumpa mtu kozi. Kila kozi ina kundi lake la masomo manne. Alama za masomo hayo manne huchanganywa na matokeo ya jumla ya mtahiniwa, na hapo ndipo zinapopatikana alama za kundi, ambazo ukomo wake ni 48 na hupigwa hadi desimali ya tatu. Kundi la udaktari linataka biolojia, kemia, hisabati au fizikia, na Kiingereza au Kiswahili. Kundi la uhandisi linataka hisabati, fizikia na kemia, kisha somo la nne.

Kwa hiyo vijana wawili waliopata A- hawana nafasi sawa hata kidogo. Aliyefanya fizikia anaweza kuomba uhandisi wa ujenzi. Mwenzake mwenye A ya hisabati na A ya kemia, lakini hana fizikia, hawezi kuomba kabisa. Mfumo haumwambii kwamba alama zake ni chache. Unamwambia hastahili.

Kuna jambo jingine ambalo wazazi wengi hawajaelezwa. Ile alama ya mwisho ya kuingia kozi fulani, ambayo watoto huikariri kama sheria, haikuwekwa na mtu yeyote mezani. Ni alama ya mwanafunzi wa mwisho aliyepata nafasi mwaka uliotangulia. Waombaji wenye alama za juu wakiongezeka, hupanda, wakipungua, hushuka. Kwenye kozi zinazogombewa sana, anayeingia na anayekosa hutenganishwa na sehemu ndogo ya alama moja. Gredi moja tu katika somo moja la kundi, B+ badala ya A-, inatosha kumhamisha mtoto kutoka udaktari hadi kozi ambayo hakuwahi kuiota. Ndiyo maana ubora wa ufundishaji wa somo moja tu katika shule moja ni jambo zito kiasi hiki.

Nilimfundisha msichana aliyetaka uhandisi wa maji. Mtu aliyekulia Kano haulizi sababu. Alikuwa ameona tuta likibomoka na mpunga wa mama yake ukilala chini ya maji. Alipoingia Kidato cha Tatu, mwalimu wa pekee wa fizikia alikuwa ameshahamishwa, na somo likaondolewa kwenye ratiba. Hakuna aliyemuuliza. Alipewa kilimo. Matokeo yalipotoka alikuwa na A ya kemia na A- ya hisabati, juu ya wavulana wote wa darasa lake. Tukaenda saiba ya Ahero, duka la intaneti, kujaza maombi, tukapitia vyuo kimoja kimoja, na kozi zote za uhandisi zilikuwa zimefungwa kwake. Leo anasomea ualimu. Ualimu ni kazi ya heshima na mimi nimeipa maisha yangu, lakini hakuichagua yeye. Ratiba ndiyo iliyomchagulia.

Naomba mnivumilie nikiwapeleka maabarani, maana hapo ndipo tofauti ya shule na shule inapogeuka alama.

Mtihani wa kemia una karatasi tatu. Ya tatu ni ya vitendo na ina alama 40. Mtahiniwa hupewa bureti, pipeti, asidi, alkali na kiashiria, na anatakiwa kudondosha tone kwa tone mpaka rangi igeuke, asome kipimo, arudie, na arudie tena. Anayesahihisha hulinganisha jibu lake na lile la mwalimu wa shule hiyo. Akikosea kwa moja ya kumi ya sentimita ya ujazo, alama bado anazo. Akizidi hapo zinaanza kupungua. Uhodari wa aina hii hausomwi kwenye kitabu. Unakaa kwenye kidole gumba na cha shahada, kwenye jicho linalojua kusoma mahali kimiminika kinapopinda ndani ya kioo, na kwenye utulivu wa mtu aliyefanya jambo hilo mara nyingi mpaka mkono hautetemeki tena. Baada ya hapo kuna swali la chumvi isiyojulikana: chukua kiasi kidogo, ongeza maji, ongeza amonia, andika unachokiona. Mtoto ambaye hajawahi kuona kwa macho yake mashapo meupe yakiyeyuka amonia inapozidi ataandika alichokariri, na alichokariri mara nyingi si kile kilicho ndani ya chupa yake siku hiyo.

Katika shule kubwa za bweni, mwanafunzi hushika bureti tangu Kidato cha Kwanza. Kuna fundi wa maabara. Kuna gesi. Kila mtoto ana vifaa vyake. Katika shule nyingi za kutwa ninazozijua, chumba kinachoitwa maabara ni darasa lenye kabati. Bureti hutumiwa na kundi zima. Mmoja anashika, wengine wanatazama. Kemikali hununuliwa mtihani ukikaribia, maana mgao wa serikali umechelewa na mkuu wa shule ana deni la mpishi na la mwenye duka. Kiasi kilichowekwa kwa kila mwanafunzi wa sekondari ya kutwa ni Sh22,244 kwa mwaka, na mwaka 2025 Waziri wa Fedha mwenyewe aliwaambia wabunge kwamba Hazina haina uwezo wa kukifikia. Pesa ikipungua, hakuna anayeacha kuwalisha watoto uji. Kinachoachwa ni asidi, na nitrati ya fedha, ambayo bei yake inamtisha kila mkuu wa shule ninayemfahamu.

Kisha watoto hawa wawili, wa bureti yake na wa bureti ya kundi, huketi mtihani mmoja siku moja, na alama zao huingia kwenye foleni moja ya udaktari. Mnaweza kusema mtihani ni mmoja kwa wote, kwa hiyo ni wa haki. Mtihani ni wa haki. Yanayoutangulia ndiyo hayana haki, na hayo yako mikononi mwenu.

Sasa nageukia mtaala mpya, ambao ndio ulionisukuma kuandika.

Watoto wa Gredi ya 10 walioingia sekondari pevu (Gredi ya 10 hadi ya 12) Januari 2026 ndio wa kwanza katika mfumo huu. KCSE ya mwisho ya 8-4-4, mfumo wa zamani wa miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo kikuu, itafanywa 2027. Hawa watamaliza Gredi ya 12 mwaka 2028, na 2029 watabisha mlango wa chuo kikuu. Wamegawanywa katika mikondo mitatu: STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati), Sayansi za Jamii, na Sanaa na Michezo. Kila mmoja ana masomo ya lazima, yakiwemo Kiingereza, Kiswahili na hisabati, kisha masomo matatu tu ya kuchagua.

Matatu tu. Simameni hapo kidogo. Wazee wetu wanakumbuka Kidato cha Tano na cha Sita, wakati mtu alipokuwa na masomo makuu matatu na kila moja lilikuwa kama nguzo ya nyumba. Mtihani wa mwisho wa Kidato cha Sita ulifanywa 1989, mwaka uleule KCSE ya kwanza ilipofanywa. Mfumo ule ulikuwa na ubora wake. Aliyetoka na fizikia, kemia na hisabati alikuwa amezijua kwelikweli. Lakini shule zenye Kidato cha Tano cha sayansi zilikuwa chache. Mtoto wa shule ya harambee, iliyojengwa kwa michango ya wananchi, huku kwetu alilazimika kutafuta nafasi mbali, na wengi hawakuipata. 8-4-4, pamoja na lawama zake zote, ilimpa mtoto masomo saba au manane, na akiteleza katika moja alikuwa na mengine ya kushikilia. Mtaala mpya umerudisha uzito wa masomo matatu, safari hii kwa mtoto wa miaka 15, na katika shule ambazo wakati ule hazingeruhusiwa hata kufungua Kidato cha Tano.

Siupingi mtaala. Ninawaonyesha uzito wake. Mtoto wa mkondo wa STEM aliyepangiwa biolojia, kemia na kilimo bado anaweza kulenga udaktari tukifuata makundi ya masomo yanayotumika leo, lakini uhandisi umeshamtoka. Mwenzake wa fizikia, kemia na jiografia ana uhandisi, hana udaktari. Wa biolojia, kilimo na jiografia anaitwa mwanafunzi wa STEM vilevile, sare yake ni ileile, mzazi wake anajivunia vilevile, na hana hata kimoja cha viwili hivyo. Nani amemweleza mzazi huyo? Nimekaa na wazazi waliosikia neno STEM wakatoa pumzi ya shukrani, kana kwamba daktari ameshapatikana nyumbani.

Na shule nazo zinafundisha kile zinachokiweza. Shule isiyo na mwalimu wa fizikia itapanga michanganyiko isiyo na fizikia, na kwenye makaratasi ya Wizara itabaki kuwa shule ya STEM. Mmesema mnataka asilimia 60 ya wanafunzi waende mkondo huo. Ni lengo zuri. Lakini asilimia 60 ya watoto kwenye kilimo na jiografia haitajenga daraja wala kutengeneza mashine ya kusafishia damu pale hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga.

Kuhusu hisabati lazima niseme wazi. Machi 2025 wananchi walisikia kwamba somo hilo halitakuwa la lazima kwa wote katika sekondari pevu. Wakalalamika, na Aprili mkalirudisha kwa kila mkondo. Mlifanya vyema kusikia. Ila mlilirudisha likiwa limegawanyika: hisabati nzito kwa STEM, na nyepesi kwa mikondo mingine miwili. Hapo kuna kijana wa Sayansi za Jamii ambaye atafika Gredi ya 12 na kugundua kwamba anataka uchumi, takwimu au sayansi ya bima. Kozi hizo zinaishi ndani ya hisabati. Hata pale anaporuhusiwa kuchukua ile nzito, nani atamfundisha yeye na wenzake wawili katika shule ya walimu wachache, wakati ratiba imeziweka hisabati zote mbili saa moja? Mtoto wa miaka 15 anaamua kuhusu kazi atakayoifanya akiwa na 50, na anaamua kabla hajajua kuna kazi inayoitwa hivyo. Angalau muwekeeni njia ya kurudi.

Kuna pia suala la alama za kazi za darasani. Kwa kumpanga mtoto sekondari pevu mlitumia asilimia 60 ya KJSEA, mtihani wa kitaifa wa Gredi ya 9, asilimia 20 ya tathmini ya Gredi ya 6, na asilimia 20 ya tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8. Naelewa kwa nini. Mtihani wa siku moja humwadhibu mtoto aliyeamka na malaria, na kazi ya miaka huonyesha mambo ambayo mtihani hauyaoni. Lakini mkianza kufikiria kutumia alama za shuleni katika kugombea udaktari, tafadhali muende polepole sana. Mradi wa mtoto mwenye kompyuta nyumbani na mzazi mhandisi hautafanana na wa mtoto anayeufanya kwa taa ya koroboi. Na mwalimu anayejua kwamba alama aliyoiandika yeye mwenyewe itamfungulia au kumfungia mwanafunzi wake chuo kikuu anawekwa kwenye jaribu ambalo mtihani wa nje humwondolea. Mimi ni mwalimu, najua presha ya mkuu wa shule, ya mzazi na ya jina la shule. Bila wakaguzi wa kutoka nje wanaokagua kazi zenyewe, sampuli kwa sampuli, alama hizo zitapanda kila mwaka na watakaoumia ni watoto wa walimu waaminifu.

Wenzetu wamelishughulikia tatizo hili kwa njia tofauti, na si vibaya kutazama. Ng'ambo ya Busia, Waganda wamebaki na Kidato cha Tano na cha Sita. Vyuo vyao vya umma huyapa masomo uzito kulingana na kozi: somo la lazima kwa kozi hiyo huzidishwa mara tatu, linalohusiana nayo mara mbili. Uzito huo huchapishwa, na mwanafunzi anaweza kujihesabia mwenyewe kwa kalamu. Tangu 1990 pia wamekuwa wakiwaongezea wasichana alama 1.5. Unaweza kuupinga utaratibu huo, lakini huwezi kusema umefichwa.

Marekani wana masomo ya kiwango cha juu yanayoitwa AP, yanayosimamiwa na shirika la mitihani la College Board. Mwanafunzi wa sekondari huyasoma, hufanya mtihani mwezi wa Mei, na hupata alama kati ya 1 na 5. Vyuo vyenye ushindani hupenda kuona mwombaji aliyeyachukua. Lakini shule hutuma pamoja na maombi maelezo kuhusu shule yenyewe: inafundisha masomo gani ya kiwango hicho, mangapi, na wanafunzi wake ni kina nani. Mtoto aliyechukua masomo mawili katika shule yenye mawili hasomwi sawa na aliyechukua mawili katika shule yenye ishirini. Mfumo wao una dhuluma zake nyingi, na pesa ina nguvu kubwa ndani yake. Hata hivyo, wazo hilo moja ni la haki na linaweza kufanya kazi hapa: kabla ya kumpima mtoto, uliza kwanza shule ilimwekea nini mezani.

Kwetu, hilo halihitaji hata sheria mpya. Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012, iliyoianzisha KUCCPS, iliipa kazi ya kukuza usawa katika nafasi za vyuo, ikiwemo kuweka vigezo vya kuwainua waliotengwa. Kwa kawaida tukisikia waliotengwa, tunafikiria Turkana na Mandera, na hao wanastahili kila msaada. Lakini mtoto wa Nyakach, wa Budalang'i au wa Mlima Elgon aliyesoma katika shule isiyo na mwalimu wa fizikia naye ametengwa na uhandisi, hata kama barabara ya lami inapita mita chache kutoka lango la shule yake.

Ninayowaomba ni haya. KUCCPS na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, chapisheni kozi kwa kozi masomo yatakayohitajika kwa watakaoingia 2029, yakitaja michanganyiko ya masomo ya sekondari pevu kwa majina yake. Yaandikwe kwa Kiswahili na Kiingereza, kwenye karatasi ambayo mkuu wa shule ataibandika ukutani na mzazi asiye na simu ya intaneti ataisoma siku ya mkutano. Yakishachapishwa, msiyabadilishe kwa darasa lililokwisha kuchagua. Mabadiliko yawe ya wale wanaokuja nyuma.

Wizara, msiiandikishe shule yoyote kuwa ya STEM bila kuonyesha hadharani ina walimu wa masomo gani na maabara ya aina gani. Mzazi anayechagua shule za mtoto wake ana haki ya kuona jambo hilo mbele ya kila jina. Sisemi mzifunge shule ndogo. Mkizifunga, mtoto wa mvuvi wa Dunga atalazimika kutafuta Sh53,554 za karo ya mwaka ya shule ya bweni ya hadhi ya juu, nje ya godoro, sanduku na nauli. Nasema mseme ukweli kuhusu kila shule, kisha mtume walimu pale ambapo ukweli huo unauma.

Na wakati tunasubiri maabara za kujengwa, ambazo nimezisubiri tangu nianze kazi, tumieni zilizopo. Chuo Kikuu cha Maseno kina maabara. Masinde Muliro kule Kakamega kina maabara. Kibabii kule Bungoma, Jaramogi Oginga Odinga kule Bondo, Egerton kule Njoro, Kisumu National Polytechnic hapa mjini, vyote vina vyumba vya sayansi. Aprili na Agosti shule zinapofunga, wekeni wiki za vitendo kwa wanafunzi wa shule za kutwa zilizo karibu. Kinachotakiwa ni kemikali, posho ya mafundi wa maabara na basi. Nimezungumza na walimu wenzangu wa sayansi. Wapo ambao wangesimamia bila kudai kitu. Mtoto akishika bureti peke yake kwa wiki moja kila likizo, kwa miaka mitatu, ataingia mtihani akiwa mtu mwingine.

KUCCPS, jina la kila mtahiniwa liambatane na orodha ya masomo yaliyofundishwa shuleni kwake. KNEC tayari ina taarifa hizo, maana ndiyo inayosajili watahiniwa kwa kila somo katika kila kituo. Kisha tengeni sehemu ya nafasi katika kozi zenye ushindani kwa wale ambao shule zao hazikuwa na somo linalotakiwa lakini wamefanya vizuri sana katika hisabati na sayansi walizopewa. Wasiingie moja kwa moja. Wapewe mwaka mmoja wa kujaza pengo: fizikia kwa anayekwenda uhandisi, hisabati nzito kwa anayekwenda uchumi, wafanye mtihani wa KNEC, na atakayefaulu aingie. Leo mtoto wa aina hiyo anaambiwa apite njia ya cheti, kisha stashahada, ndipo afikirie shahada. Wapo wanaofika, na ninawavulia kofia. Wengi huishia njiani kwa karo, kwa ndoa, kwa uchovu.

Najua kuna watakaosema kwamba kufanya hivi ni kushusha kiwango. Daktari ni daktari, watasema. Hatutaki kutibiwa na aliyesaidiwa kuingia. Nami sitaki. Ndiyo maana sijaomba alama za bure kwa yeyote. Msichana wangu wa Kano hakuhitaji alama. Alihitaji mwalimu wa fizikia, na alipomkosa alihitaji mwaka mmoja wa kumpata mwingine. Kiwango kinashuka tunapomwacha nje mwenye A ya kemia na kumwingiza aliyemzidi bureti tu.

Wanafunzi wa Gredi ya 9 wa mwaka huu watachagua mikondo na shule zao kabla ya kufanya KJSEA. Wako wengi katika shule za msingi zinazotuzunguka, na wazazi wao huja kwangu jioni kuniuliza mtoto achague nini. Ninachowaambia sasa hivi kimejengwa juu ya makundi ya masomo ya 8-4-4, mfumo ambao watoto hao hawatausoma. Naomba jibu lenu kuhusu masomo ya 2029 na miaka inayofuata lifike shuleni kabla fomu hizo hazijajazwa, na lije kwa maandishi, likiwa na sahihi.

Wenu mwaminifu,

Mwalimu wa kemia, shule ya kutwa, Nyando, Kaunti ya Kisumu